Salsa ya Mama Inosenti

Nyanya zilikuwa zinaozea kwenye miche, na hilo lilimtia Antonia hasira Jumamosi ile hata kabla hajanywa chai.

Ugonjwa hazikuwa nao. Ziliiva, zikaiva kupita kiasi, zikakosa mlaji, zikaanguka zenyewe. Kiangazi kilikuwa kikali, vumbi jekundu la kijiji cha Daa likiingia mpaka kwenye masanduku ya nguo, na mashamba ya majirani yalikuwa mabua matupu. Bustani ya Antonia tu, nyuma ya nyumba, ndiyo iliyokuwa imeshiba: nyanya, vitunguu, giligilani, pilipili mbuzi na safu ndefu ya sukuma. Aliimwagilia kwa ndoo asubuhi na jioni, maji akiyateka kwenye bomba la korongoni na kuyapandisha kichwani mwenyewe. Samadi aliimwaga mpaka zizi likabaki sakafu. Mumewe, Remigius, ambaye ni dereva wa watalii na wiki nzima hushinda barabara ya Ngorongoro, alirudi siku moja akaitazama bustani ile, akamtazama na mkewe, akauliza, "Mke wangu, hapa unamkomoa nani?"

Antonia aliinua ndoo nyingine. Alikuwa anaikomoa Daa nzima.

Mtoto wao, Inosenti, alikufa masika yaliyopita kwa homa ya mapafu, akiwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Walikuwa wamemsubiri miaka mingi, mpaka ndugu wa Remigius wakaanza kusema maneno, kisha Mungu akawapa, kisha akachukua. Walimzika pale pale nyumbani, upande wa chini wa bustani, karibu na uzio wa minyaa. Watu walikuja msibani kwa wingi, wakalia kilio cha kweli, wakapika, wakalala chini kwenye mikeka. Matanga yalipokwisha wakaondoka, na hawakurudi tena.

Hakuna aliyesema neno, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake. Mtu akikutukana utamjibu. Lakini mtu akikupungia mkono kutoka ng'ambo ya njia, anatabasamu, anakuuliza habari za asubuhi na huku anaongeza mwendo, utamwambia nini? Watoto wa jirani, ambao zamani Antonia aliwafukuza kwa fimbo wasiibe nyanya, sasa walipita upande wa pili wameshikana mikono. Jumuiya ya kanisa ilikuwa ikisali nyumba kwa nyumba, zamu yake ilipofika ikapita juu kwa juu, na Sabina, mwenyekiti wao, alimwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Tumeona tukuache upumzike kwanza, dada."

Dada. Hilo nalo. Tangu siku ya ubatizo watu wote walikuwa wakimwita Mama Inosenti, na aliyelianzisha jina hilo ni rafiki yake Marsela, pale pale mlangoni mwa kanisa, kwa sauti kubwa ili wasikie wale waliokuwa wakimsema. Baada ya mazishi jina likayeyuka. Akarudi kuwa Antonia, akawa dada, akawa "wewe mama". Alikuwa kama mtu aliyeazimwa nguo kwa sherehe, na sherehe ikiisha wenyewe wanaitaka.

Sababu aliijua, maana yeye ni mtoto wa hapo hapo. Zamani, enzi za mabibi, Wairaqw walikuwa na jambo lao waliloliita meeta. Nyumba ikifiwa na mtoto wa kunyonya, wenye nyumba walijitenga. Hawakuingia kwa watu, hawakula na watu, moto wao haukuazimwa, na kilichoota kwao hakikuliwa kwingine mpaka wazee waseme basi. Kifo cha namna ile, waliamini, huambukiza, na wa kwanza kukipata ni mwanamke aliyebeba mimba. Siku hizi hakuna meeta. Muulize yeyote pale Daa, atakucheka: sisi Wakristo bwana, sisi watu wa shule, mambo hayo yalishakwisha. Atakucheka vizuri tu, kisha atamkanya binti yake mjamzito asipite mlangoni kwa Antonia.

Antonia aliuona wote huo ni upuuzi mtupu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, amefanya kazi jikoni kwenye loji moja ya upande wa Oldeani, katikati ya mashamba ya kahawa, amepika na kula na watu wa mataifa yote. Remigius alikula kila alichowekewa mezani, sukuma na nyanya na vyote, akashiba, akaenda kazini, hakuna kilichompata. Yeye mwenyewe alikula ugali kwa maziwa. Mtu anayeshinda bustanini hukinai mboga, alijisemea, na hakulifikiria zaidi ya hapo.

Sasa Jumamosi hiyo ilikuwa sendofu ya Scholastika, binti wa Marsela. Walikuwa wanamuaga kwenda kuolewa na Godson, kijana wa Kilimanjaro anayeongoza watalii. Scholastika alikulia nusu kwao, nusu jikoni kwa Antonia. Alimwita mama mdogo, na hata kitunguu alifundishwa kukata na Antonia, akilia machozi na kucheka. Katika kila sherehe ya mtaa ule, tangu Antonia atoke loji, salsa ilikuwa kazi yake. Wengine waliiita kachumbari ya Wazungu, lakini sahani zao zilirudi tupu. Safari hii kamati ya sherehe haikumwomba. Mchango wake wa fedha ulipokelewa bila shida yoyote. Inaonekana fedha hazina meeta. Salsa haikutajwa.

"Basi nitaipeleka bila kuombwa," Antonia aliiambia miche ya nyanya. "Nataka niwaone wakiirudisha."

Alichuma akijaza ungo. Alichagua nyanya zilizoiva lakini bado zinakaza, zile ambazo ukizibonyeza kwa kidole zinakurudishia. Akang'oa vitunguu, akakata giligilani karibu na udongo, akachuma pilipili akiwa amegeuza uso. Jiko la mkaa lilishawaka. Pilipili na nyanya chache aliziweka juu ya makaa mpaka ganda likababuka na kutoa harufu ile ya moshi na utamu, akazimenya, akazisaga kwenye kinu kidogo. Nyanya zilizobaki alizipasua, akatoa mbegu na maji yake, akazikatakata ndogondogo zinazolingana. Mpishi mkuu wa kule loji, mzee Piusi, alikuwa mkali kwa hilo. Wageni walipokuja kujifunza kupika kabla ya kwenda kreta, aliwasimamia bustanini na jikoni kama watoto wa chekechea, akiwapigia kelele kwa Kiingereza chake cha haraka. Na wasaidizi wake, Antonia akiwemo, aliwagombeza kwa Kiswahili: nyanya zisiwe mabonge, kitunguu kioshwe, giligilani isisagwe, na chumvi iwe ya mwisho kabisa, ukishaonja, kwa sababu ndimu hazifanani ukali.

Alikuwa anakamulia ndimu simu ilipoita. Remigius.

"Nimebanwa na wageni huku juu," alisema, na nyuma yake ulisikika upepo wa ukingoni mwa kreta. "Kuna mmoja haelewi kwamba faru hapangiwi saa. Nitachelewa. Tangulia tu."

"Natangulia."

"Umeamua kwenda na bakuli?"

"Naenda nalo."

"Mimi nakula, unajua nakula. Lakini watu ni watu, mke wangu. Wakikufanyia kituko leo mbele ya kadamnasi, utaumia."

"Nimeshaumia. Wanichome wapi tena?"

Alikata simu, akafuta mikono kwenye kanga, akachanganya kwa mwiko mara ya mwisho. Ilinukia vizuri mno: moshi, ndimu, jani bichi. Akaifunika kwa sahani, akafunga kwa kitambaa cheupe, fundo lake lile la siku zote, akaenda kuoga.

Kwa Marsela mahema yalikuwa yameshasimama na muziki unapiga mpaka mabati yanatetemeka. Antonia aliingia uani na bakuli lake, na jambo la kwanza aliloliona ni sare. Wanawake wote wa mtaa, wote, walikuwa wamevaa kitenge kimoja, cha njano chenye maua ya zambarau, kimeshonwa kila mtu kwa mtindo wake. Wamekwenda kukinunua pamoja, wamekwenda kwa fundi pamoja, wamecheka pamoja wakipimwa viuno. Yeye alikuwa na gauni lake la bluu la Pasaka. Alisimama pale kama mgeni aliyekosea nyumba, na uso ukamwaka moto.

"Jamani, dada Antonia!" Sabina alimjia mbio kwa mikono miwili. "Umejisumbua! Na bakuli zima! Lete, lete nikusaidie."

"Ni salsa. Iwekwe pale penye nyama."

"Penye nyama, ndiyo, ndiyo. Karibu ukae, dada."

Aliondoka nalo kuelekea jikoni, amelibeba mbali kidogo na mwili wake. Marsela alikuwa karibu na jukwaa anapanga viti vya wakwe. Alimwona Antonia. Alikuja, akamkumbatia kwa haraka, kwa mabega tu, macho yakiwa kwenye viti. "Umefika. Vizuri. Kaa pale kuna kivuli," akasema, na Antonia akakaa pale kwenye kivuli, kiti cha mwisho cha mstari wa mwisho. Walikuwa wamezoea, hao wawili, kukaa jikoni wakichambua mchele na kusengenya mpaka ubavu unauma. Sasa alipewa kivuli.

Chakula kilipotandazwa, aliutazama mstari wote wa mabakuli mezani. Pilau. Ndizi. Mbuzi mzima wa kuchoma, mdomoni ametiwa majani. Na mwishoni, beseni la kachumbari ya kabichi, vitunguu vimekatwa vipande vya kutosha kuezekea banda. Bakuli lake halikuwepo. Alijiambia labda limesahaulika. Alijiambia labda litaletwa wakija wakwe. Mama mmoja aliyekaa kiti cha mbele yake aligeuka, akaona anavyotazama, akageuka tena upesi. Antonia aliipokea sahani ya pilau, akala bila kujua anachokula.

Kisha ikaja keki. Kila aliyewahi kuhudhuria sendofu anajua: bibi arusi hahesabiwi ameagwa mpaka awalishe keki waliomlea. Mshereheshaji aliwaita baba na mama, wakalishwa, vigelegele. Akawaita mababu na mabibi. Akawaita mashangazi na wajomba. Halafu akasema kwa madaha, "Na sasa mama wakubwa na mama wadogo, wale waliombeba mgongoni, wasogee mbele!"

Antonia alisimama. Hakufikiri, miguu ilisimama yenyewe, kwa sababu mgongo huo ulikuwa wake. Wanawake wa kitenge cha njano walipita mbele wakicheza, wakajipanga. Scholastika, katika gauni la kijani linalometameta, alikuwa na kipande cha keki mkononi na alikuwa anatafuta juu ya vichwa vya watu. Macho yao yalikutana. Binti alitabasamu, akanyanyua ule mkono wenye keki. Na Marsela, aliyesimama nyuma yake, akamwekea kiganja mgongoni, taratibu, akamgeuza upande wa pili.

Ilikuwa kitu kidogo tu. Kamera ya video haikukinasa hata kidogo. Lakini Antonia aliiona ile mikono ya Marsela, mikono iliyomshika kiuno siku ya mazishi asije akajitupa kaburini, na sasa ilikuwa inamfukuza. Akakaa. Halafu akasimama tena, kwa hasira. Hatalia hapo. Atachukua bakuli lake, aende nyumbani, awape nguruwe, na Daa isimwone tena kwenye shughuli yoyote mpaka siku wakimbeba.

Jiko lilikuwa banda la mbao nyuma ya nyumba, na wapishi wote walikuwa mbele wakicheza. Bakuli alilikuta kwenye kona, nyuma ya gunia la mkaa. Kitambaa kilikuwa kimefungwa kwa fundo lake mwenyewe. Hakuna aliyefungua hata kunusa. Wangekuwa wameimwaga, pengine isingeuma hivi, maana kumwaga nako ni kugusa.

Akainama kulichukua, na mlango wa nyuma ukafunguliwa.

"Ma'mdogo!" Scholastika aliingia ameshika gauni juu ya magoti, viatu mkononi. "Nimewaambia naenda kubadilisha viatu. Iko wapi salsa? Usiniambie hukuleta."

"Nimeleta," Antonia alisema, akaliinua bakuli.

"Niliiwaza wiki nzima. Pilau sikuigusa, harufu tu inanipiga kichwa. Nipe kijiko."

Antonia alilifungua fundo haraka, kwa furaha. Hicho ndicho alichokuwa anakililia tangu masika: mtu mmoja tu aseme nipe. Mmoja. Na amekuja yule anayempenda kuliko wote. Akaondoa sahani, ile harufu ya ndimu na moshi ikajaa banda, na Scholastika akafumba macho akaivuta kama mtu anayevuta dawa ya mafua.

"Mungu wangu. Siku hizi nataka vitu vichachu tu," alinong'ona, akicheka. Kisha akaweka kiganja juu ya tumbo, kwenye kijani kile kinachometameta. "Godson anajua. Mama bado. Usimwambie, tafadhali, mpaka harusi ipite."

Alinyoosha kijiko, na mkono wa Antonia ukafunika bakuli.

Antonia aliutazama mkono huo kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ulikuwa umetandaza vidole vyote vitano juu ya nyanya, umekaza.

"Basi usile," alisikia mdomo wake ukisema.

"Kwa nini?"

"Ina pilipili kali. Kwa hali yako… hata madaktari huwa wanakataza vitu vibichi."

Aliposema hivyo akaisikia sauti yake, na ilikuwa sauti ya Sabina. Upole ule ule, kisingizio kile kile kilichopigwa pasi. Kwa miezi yote aliyokuwa akiwalaani, ile hofu yao ilikuwa imelala ndani yake mwenyewe, ikilishwa na kumwagiliwa, na sasa imeamka. Alimwona Inosenti jinsi alivyokuwa akihema usiku ule wa mwisho, mbavu zikiingia ndani. Aliliona hilo tumbo la kijani. Hakuwa na elimu, hakuwa na loji, hakuwa na kidato cha nne. Alikuwa na woga tu.

Scholastika alimtazama kwa muda. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Ma'mdogo. Na wewe?"

Antonia alishusha macho kwenye bakuli.

"Mama aliniambia leo nisikukaribie. Nikamwuliza kwa nini, akasema basi tu. Nikajua. Sisi wote tunajua, tunajifanya hatujui." Akaushika ule mkono wa Antonia, akauinua juu ya bakuli, akauweka pembeni kama mtu anayeondoa kifuniko. "Mimi nina njaa."

Akala. Alikula amesimama, miguu mitupu, akichota na kuchota, mchuzi ukimchuruzika kidevuni na Antonia akimkinga kwa kile kitambaa cheupe gauni lisichafuke. Antonia alikuwa anaomba kimoyomoyo, sala isiyo na mpangilio, salamu Maria na maneno yake mwenyewe yamechanganyika.

"Schola! Emsii anakuita, wakwe wame…"

Marsela alikuwa mlangoni. Aliona kijiko. Aliona kitambaa cheupe. Uso wake ukapauka.

"Nimeshakula, mama," alisema Scholastika.

Marsela hakumtazama binti. Alimtazama Antonia. "Umemwachia?"

Na Antonia, ambaye siku nzima alikuwa amemwandalia Marsela maneno ya kumchoma, alijikuta anajitetea kama mshitakiwa. "Nilimzuia. Mama Schola, nilimzuia, kwa mkono wangu huu. Hakunisikia."

Marsela alilisikia neno hilo likiingia polepole. Akasogea, akakaa juu ya lile gunia la mkaa na kitenge chake kipya.

"Basi na wewe unaogopa," akasema.

"Naogopa."

"Mimi nilidhani wewe huogopi. Nilikuona unamwagilia, unamwagilia, nikasema huyu anatudharau." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kila siku nikipita naziona nyanya zako chini. Naona aibu. Halafu napita. Nilimgeuza mtoto leo, na najua uliniona."

"Nilikuona."

"Sina la kusema."

"Usiseme."

Marsela alikaa kidogo, akahema. Kisha akakichukua kijiko mkononi mwa binti yake, akachota kilichojaa, akala. Antonia alielewa vizuri kwamba hakula kwa ajili yake. Amekula kwa sababu mtoto wake ameshakula, na kama kuna kitu ndani ya bakuli lile basi mtoto hatakutana nacho peke yake. Antonia hakuchukia. Yeye pia, angepewa nafasi ile masika, angekula sumu.

Marsela alitafuna. Akaacha kutafuna. Akakunja uso.

"Haina chumvi."

"Nini?"

"Haina chumvi hata punje! Wewe na majivuno yako ya loji, unaleta kitu hakina chumvi kwenye shughuli yangu? Hukuonja?"

"Simu iliita," Antonia alianza, "Remigius alipiga nikiwa nakamua…" akaishia hapo, kwa sababu haikuwa simu. Simu ilishakatwa na chumvi ilikuwa pale pale mezani. Hakuonja. Wala wiki iliyopita hakuonja sukuma alizompikia mumewe. Alizipima kwa pua, akazipakua. Alirudi nyuma akitafuta, mwezi hadi mwezi, kitu kimoja kilichotoka kwenye bustani ile kikaingia mdomoni mwake. Hakukiona.

"Sijaonja," alisema, na sasa machozi yalikuwa yanashuka yenyewe. "Sijala kitu cha pale tangu nimzike. Hata jani. Nilikuwa nasema nimekinai. Nawakasirikia ninyi hamli, kumbe na mimi sili."

Huko mbele mshereheshaji alimwita tena bibi arusi mtarajiwa, watu wakacheka kwa utani wake. Scholastika alinyoosha mkono kwenye rafu, akashusha kopo la chumvi, akanyunyiza, akakoroga. Marsela akasimama. Alichota kijiko kimoja, akaweka kiganja chini yake kisidondoke, namna ile ile wanavyolisha keki, akakipeleka mdomoni kwa Antonia.

"Fungua mdomo, Mama Inosenti."

Alikuwa hajaitwa hivyo tangu siku ya kaburi. Lilimpiga kifuani mpaka akashika nguzo ya banda. Akafungua. Nyanya ilikuwa tamu, ndimu kali, pilipili ilimchoma ulimi, na chini ya yote kulikuwa na ladha ya udongo ule ule anaouona kila asubuhi karibu na minyaa. Alitafuna akimtazama Scholastika, ambaye alikuwa amesahau kiganja juu ya tumbo, na Marsela hakuona. Ile hofu haikwenda popote. Alijua atalala nayo na kuamka nayo mpaka mtoto huyo azaliwe, na ahesabu pumzi zake, na asimwambie mtu.

Alimeza, akafungua mdomo tena.